Kopo la 'Sijambo'

Alikwenda vitani Iraq akarudi mzima. Angalau ndivyo tulivyomwambia kila aliyetuuliza. Mpaka siku tulipotakiwa kumwambia jaji ukweli, mimi na mume wangu tukagundua kwamba hatujawahi kuambiana wenyewe.

Hebu nikuulize, msomaji. Ni lini mara ya mwisho mtu alikuuliza "hujambo?" ukamjibu kweli? Siyo "sijambo", siyo "poa", siyo "namshukuru Mungu". Ukweli wenyewe.

Usihangaike kukumbuka. Sisi tumelelewa hivyo. Mtu ana homa ya kufa na kupona, ukimpigia hodi atasema "sijambo, ni vihoma tu". Ni adabu nzuri na ninaipenda. Lakini adabu hiyohiyo ilimponza mume wangu, na nusura ituvunjie ndoa.

Hapa nitamwita Baba Rehema, kwa jina ambalo siyo la binti yetu. Ni mtoto wa Ujiji, kakulia dagaa na mawese kama mimi. Mwaka 2003 bahati nasibu ya gringadi ikamwangukia, akaondoka mwisho wa reli na begi moja. Mwaka 2005 akajiunga na jeshi la Marekani. Huko mtu mwenye gringadi anaruhusiwa kuvaa magwanda hata kabla hajapata uraia. Mwaka 2007 akapelekwa Iraq kuendesha malori ya mizigo kwenye misafara. Miezi kumi na tano. Bomu la barabarani lililipua lori lililokuwa mbele yake, na aliyekuwa akiliendesha alikuwa rafiki yake. Hayo nimeyajua juzijuzi tu. Tulipooana 2015 aliniambia, "Niliendesha malori jangwani. Joto sana." Basi.

Asilimia 30

Nilimfuata Houston 2016, Rehema akazaliwa 2018. Kwa mbali tulikuwa wale wanandoa wa kwenye kalenda. Ndani ya nyumba mambo yalikuwa mengine. Alikuwa halali. Sahani ikianguka jikoni, yeye yuko chini ya meza. Kwenye magari mengi alishika usukani utadhani anaukaba koo. Ndani ya miaka miwili aliacha kazi tatu, na kila mara sababu ilikuwa "yule bosi hanielewi".

Mwaka 2019 rafiki yake wa jeshini akamsukuma aombe fidia ya ulemavu. Kwa faida yako ambaye hujui, Marekani ina wizara nzima ya wanajeshi wa zamani, na kila mtu anaiita VA. Ukiumia mwili au akili kutokana na utumishi wako, unapimwa na kupewa asilimia, kutoka 0 mpaka 100, kwa makumi. Ili upate lazima uoneshe mambo matatu: kwamba unaumwa sasa, kwamba kuna kitu kilikupata jeshini, na kwamba hivyo viwili vinahusiana. Malipo ya kila mwezi yanakwenda na asilimia yako. Ukifika 30 na kuendelea, mke na watoto nao wanaongezewa chochote.

Januari 2020 akaenda kupimwa. Aprili barua ikaja: kiwewe cha vita kimekubaliwa, asilimia 30.

Nilidhani tutafurahi. Yeye aliikunja barua akaitia kabatini. "Tushukuru kwa hicho," alisema. Usiku ule alikaa kibarazani hadi alfajiri.

Sheria inampa mtu mwaka mmoja tangu tarehe ya uamuzi. Tangu Februari 19, 2019, ilipoanza kutumika sheria ya 2017, mwenye kutoridhika ana njia tatu. Anaweza kupeleka ushahidi mpya, au kuomba ofisa wa ngazi ya juu alitazame faili upya, au kukata rufaa kwenye Bodi mbele ya jaji. Ukienda kwenye Bodi unachagua tena: jaji asome faili kama lilivyo, umwongezee nyaraka, au akusikilize wewe mwenyewe. Foleni ya kusikilizwa ndiyo ndefu kuliko zote. Zikiwa zimebaki wiki sita mwaka uishe, tulichagua hiyo. Sababu, nitakwambia.

Faili linasema ndoa yetu ni nzuri

Mimi ni ofisa mikopo. Nilirudi Kigoma 2022 mama yangu alipopata kiharusi, na ajira yangu hapa mjini ni kuwarudishia watu fomu zisizokamilika. Kwa hiyo hati hainipigi chenga. Kabla hatujakata rufaa tuliomba nakala ya faili lake lote, na ni haki ya kila mwombaji kuipata. Nikafungua ripoti ya daktari aliyempima.

Jamani. Daktari kamuuliza anaendeleaje, kajibu vizuri. Usingizi? Sio mbaya. Ndoa? Nzuri, mke wangu mwema sana. Hasira? Kawaida tu, kama mtu yeyote. Daktari kaandika alichoambiwa, neno kwa neno. Sina la kumlaumu.

Lakini nilitazama tarehe. Januari 2020. Mwezi ule mimi nilikuwa nalala chumba cha mtoto, mlango nimeufunga kwa ufunguo. Siyo kwamba aliwahi kunipiga, hajawahi. Ila usiku mmoja nilimgusa bega akiwa ndotoni, akaniamkia kama adui. Asubuhi hakukumbuka kitu, na mimi sikumwambia.

Kwa hiyo uongo ule haukuwa wake peke yake. Yeye alimwambia daktari "sijambo", na mimi nilikuwa nikimwambia yeye "sijambo" kila asubuhi, huku nikimpa chai.

Ndiyo maana tukachagua foleni ndefu. Faili lilikuwa limeshasema, na lilichosema hakikuwa kweli. Ilibidi mtu aseme kwa mdomo wake.

Stara au ushahidi?

Aprili 2024 Baba Rehema alikuja Kigoma likizo ya wiki sita. Akiwa huku, mwakilishi wake akampigia: siku imepangwa, mwezi Juni, saa nne asubuhi kwa saa za Houston, kwa njia ya video.

Mwakilishi huyu anatoka chama cha wanajeshi wa zamani. Vyama kama American Legion na DAV vina watu walioidhinishwa kusimamia madai haya, na hawatozi hata senti. Akatuambia jambo lililonikaa kichwani: kwenye usikilizwaji huu hakuna wakili wa serikali wa kukubana. Ni jaji, wewe, kiapo na kinasa sauti. Hakuna wa kukupinga. "Adui wako mkubwa," alimwambia mume wangu, "ni heshima yako." Kisha akauliza, "Mkeo anaweza kuandika aliyoyaona?"

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Mwenzangu, mimi nimefundwa. Somo yangu aliniambia wiki ya harusi: mke ni stara ya mume, ya chumbani yanabaki chumbani. Leo niandike kwenye karatasi kwamba mume wangu anapiga kelele usiku? Karatasi isomwe na jaji asiyemjua, ihifadhiwe faili la serikali milele? Nilikataa. Yeye naye alishukuru nilivyokataa. Siku tatu nyumba ikawa na adabu kama ofisi.

Aliyetukwamua ni mama. Tangu kiharusi anaongea kwa shida, neno moja moja. Tulikuwa uani tumekaa mkekani, namlisha uji. Akamtazama mkwewe, akasema polepole, "Mficha maradhi... kifo... humuumbua." Akapumzika. "Mimi... nilificha presha. Niangalie."

Hakuna aliyemjibu. Baba Rehema aliinuka akaenda kusimama ukutani, ametupa mgongo. Aliporudi alisema, "Mama Rehema, tafuta daftari."

Jikoni kwa jaji

Mazoezi tulifanya jioni, mtoto akishalala. Mimi jaji, yeye shahidi. Nilimuuliza maswali ambayo mwakilishi alituambia yataulizwa. Siku mbaya kwako inakuwaje? Kwa wiki zinakuwa ngapi? Mara ya mwisho ulilala usiku mzima ni lini? Kwa nini uliacha kazi ile?

"Kawaida tu."

"Mheshimiwa shahidi, kawaida ni nini?"

"Si kawaida, jamani! Mtu anachoka."

Siku ya pili nikaleta kopo la maziwa. Sheria ikawa hivi: ukisema "sijambo", "kawaida", "poa" au "namshukuru Mungu", unatumbukiza shilingi elfu moja. Usiku wa kwanza alilipa elfu kumi na nne. Alicheka mpaka machozi, na kilikuwa kicheko cha kwanza nilichokisikia tangu ashuke kwenye ndege. Usiku wa tatu akaniuliza, "Na wewe je? Umelala vizuri jana?" Nikajibu, "Vizuri tu." Akanisogezea kopo.

Tukajifunza kitu ambacho ningependa kila mtu anayekwenda mbele ya jaji au daktari akijue. Ukweli hauna haja ya chumvi, ila unahitaji namba na mfano. "Silali" haimsaidii jaji. "Wiki iliyopita nililala saa tatu kwa usiku, na usiku mmoja sikulala kabisa" inamsaidia. "Nina hasira" ni neno tu. "Niliacha kazi ghalani siku forklifti ilipodondosha chuma, kwa sababu nilijikuta nimelala chini mbele ya wenzangu ishirini" ni ushahidi. Kwenye kiwewe, ngazi zenyewe ni 0, 10, 30, 50, 70 na 100, na kinachozitenganisha ni jinsi maradhi yanavyoharibu kazi yako na maisha yako na watu. Wengi wanaeleza vita walivyopigana. Jaji anataka kujua jana ilikuwaje.

Baba yangu, mwalimu wa historia mstaafu, alikuwa akitusikiliza akiwa sebuleni. Usiku mmoja akaja na kiti chake. Akatukumbusha kwamba vita vya wakubwa vilishawahi kufika hapahapa. Meli ya MV Liemba ilikuwa ya Wajerumani, wakiiita Graf von Götzen. Mwaka 1916 waliizamisha wenyewe ili isitekwe, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini. Wengi wa askari waliopigana upande wa Wajerumani walikuwa Waafrika. Husimuliwa kwamba 1964 Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa waliokuwa hai, wazee wengi walifika Mwanza bila cheti chochote. Basi mtu akabuni njia. Kila mzee akapewa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani, bega silaha! Wazee waliitikia amri kama jana. Wakalipwa.

"Karatasi zilipotea," baba alisema, "mwili ulikuwa unakumbuka." Akachukua kiti chake akaondoka.

Barua ya kurasa mbili

Barua yangu niliiandika kwanza kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza nilijikuta naandika kiofisi, na ofisini ndiko ninakojua kuficha.

Nyumba yetu iko kilimani, ukumbi unatazama ziwa. Usiku wavuvi wa dagaa wakiwasha taa zao, Tanganyika inageuka mji. Baba Rehema alikuwa anakaa pale kila usiku, na akiulizwa anasema anafurahia taa. Mimi niliamini. Mpaka ukaja mwezi mpevu. Si unajua, mbalamwezi ikiwaka sana wavuvi wa taa hawatoki, ziwa linabaki tupu. Niliamka saa tisa usiku nikamkuta palepale, kiti kilekile, anatazama pasipo na taa hata moja. Ameegemeza kiti ukutani ili mtu asimjie kwa nyuma.

Hilo niliandika. Niliandika pia usiku wa Januari 2020, na ufunguo. Niliandika tarehe nilizozikumbuka, na nisipokumbuka nikaandika "kati ya mwezi huu na huu". Sikuandika anaumwa ugonjwa gani, maana mimi siyo daktari. Niliandika nilichokiona kwa macho na kukisikia kwa masikio. Mwishoni nikathibitisha kwamba ni kweli kwa kadiri nijuavyo, nikaweka sahihi na tarehe.

Kisha ikabidi tuitafsiri pamoja, kwa sababu Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu. Hapo sikuwa nimejiandaa. Alikuwa anasoma sentensi kwa sauti, anaandika. Alipofika kwenye ufunguo, kalamu ikasimama.

"Ulikuwa unajifungia?"

"Ndiyo."

"Kwa muda gani?"

"Miezi minane."

Alikaa kimya muda mrefu. Nilidhani atainuka aende ukumbini. Hakwenda. Akauliza, "Kwa nini hukuniambia?" Nikafungua mdomo nijibu. Nikaona kopo pale mezani, nikanyamaza. Kisha nikasema ukweli: niliogopa, na niliona aibu kuogopa mtu ninayempenda.

Akaitafsiri sentensi ile yeye mwenyewe, bila kupunguza neno. Nimeolewa naye miaka mingi, lakini usiku ule ndipo niliporudi kulala kwa amani.

Saa 12 jioni

Alirudi Houston mwisho wa Mei. Shati la siku ile nilimpigia pasi mwenyewe nikalikunja juu ya begi. Siku ya Juni, saa nne asubuhi kwao ilikuwa saa kumi na mbili jioni kwetu. Nilikaa ukumbini kwenye kiti chake, simu mapajani, nikitazama mitumbwi ya Kibirizi ikitoka. Barua yangu ilikuwa tayari, pamoja na ya rafiki yake wa msafarani na ya bosi mmoja wa zamani aliyekubali kueleza kilichotokea ghalani.

Saa kumi na mbili na dakika hamsini akapiga.

"Hujambo?" nikamuuliza, mazoea.

"Sijui," akasema. "Nimetetemeka mwanzo mpaka mwisho. Alinisikiliza. Aliniuliza habari za kiti na ukuta. Sasa hivi nimechoka, nataka kulia, na nina njaa."

Msomaji, ni miaka tisa tangu tuoane ilipofika siku ile, na lilikuwa jibu refu kuliko yote aliyowahi kunipa.

Jaji hatoi hukumu siku hiyo. Baada ya kusikilizwa una siku 90 za kuongeza ushahidi, na sisi tulizitumia kupeleka maelezo ya mshauri aliyeanza kumwona. Barua ikaja mapema 2025: asilimia 70, na malimbikizo kuhesabiwa tangu alipoomba 2019. Malipo ya mwezi yamekuwa zaidi ya mara mbili. Tumelipia matibabu ya mama, na nisiwe mnafiki, hela ni hela.

Lakini hajapona kwa barua. Bado kuna usiku anaokaa macho. Tofauti ni kwamba ananiamsha, au ananipigia akiwa kule, anasema, "Leo siyo sijambo." Kopo bado lipo. Juzi nililipa mimi.

KAMA KUNA RUFAA INAYOKUSUBIRI

Huenda huna askari nyumbani. Lakini mwenza wako anaweza kuumia bandarini, kiwandani au barabarani akiwa kazini. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 na Mfuko wake ulioanza kazi 2015. Anayeuchangia ni mwajiri, hukatwi wewe. Na huku nako kuna daktari wa kukupima, kuna asilimia, na kuna nafasi ya kupinga uamuzi. Popote ulipo, zingatia haya:

1. Soma tarehe kwanza. Barua ya uamuzi ikifika, tafuta mwisho wa kukata rufaa, uuandike ukutani. Haki nyingi hufa kwa kuchelewa.

2. Omba nakala ya faili. Huwezi kusahihisha usichokisoma. Tafuta sentensi iliyokuponza.

3. Toa taarifa mapema, kwa maandishi. Ajali ya kazini usiimalize kwa "pole" ya msimamizi. Iandikwe, nawe ubaki na nakala.

4. Daftari la mwezi mmoja. Saa za kulala, maumivu, siku ulizokosa kazi. Ukiulizwa, unasoma tu.

5. Usizidishe, usipunguze. Chumvi itakuumbua, na adabu itakunyima haki yako.

6. Mwenza ni shahidi. Yeye anaona unayoyafanya usingizini. Ila mwambieni jaji yale ambayo mmeshaambiana nyinyi kwanza. Usimwache mume au mke wako ayasikie kwa mara ya kwanza mbele ya watu.

7. Fanyeni mazoezi, na kopo muwe nalo. La kwetu lilijaa kabla hajaondoka. Tulinunua migebuka mikubwa mitatu, mama akala mmoja karibu wote.